Sevisi ya Uani

Pikipiki yangu haikuwa na ugonjwa. Naanza na hilo kwa sababu kesi nzima imesimama hapo, na mke wangu amekwisha kulieleza mbele ya ndugu zake mara nyingi hata sina tena pa kulificha. Ijumaa jioni iliwaka kwa kiki moja, ikanitoa Wandegeya hadi nyumbani Najjanankumbi katikati ya foleni ya barabara ya Entebbe bila kukohoa. Jumamosi asubuhi nikaifanyia sevisi.

Ni Boxer 150, au 144.8 kama wewe ni mtu wa kuhesabu hadi nukta. Kampala jogoo akiwika hukuta Boxer imeshatangulia. Yangu haibebi abiria. Nafundisha Kiswahili, na tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliporidhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, watu kadhaa wa maofisini waliokuwa wakikiita lugha ya askari wameanza kunitafuta. Nawazungukia Wandegeya, Ntinda, Nakasero. Bila pikipiki, nusu ya ninachopata ingeliwa na taksi, ambazo kwa hapa ndizo daladala.

Fundi wangu wa siku zote hunitoza shilingi 15,000 kwa kumwaga oili, kusafisha plagi, kupuliza chujio la hewa na kukaza cheni. Si fedha ya kumfilisi mtu. Lakini marehemu baba alikuwa na banda la baiskeli Ngamiani, Tanga, na mtoto wa fundi baiskeli hurithi maradhi fulani: hawezi kutazama mtu mwingine akishika spana bila kuona kuwa ameishika vibaya.

“Taata w'abaana, mpelekee fundi,” mke wangu alisema. “Leo nina kwanjula.”

Kwanjula ni siku ambayo binti wa Kiganda humtambulisha mchumba wake kwa wazazi, na si sherehe ya kwenda umevaa ulichokuta kambani. Binamu yake ndiye aliyekuwa akitambulisha. Gomesi mpya, lile vazi la mabega yaliyochongoka ambalo jina lake lilitokana na Gomes, fundi cherehani wa Kigoa, ilikuwa kwa mshonaji Ntinda, na mimi ndiye niliyeahidi kuifuata kabla ya saa sita. Nikamwambia saa tatu nitakuwa nimemaliza kazi yangu na mikono nimenawa.

Kulikuwa na jambo la pili. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Masaka kumwona mjukuu mchanga. Kwa desturi ya Waganda halali nyumbani kwa mkwewe, kwa hiyo alifikia kwa mwanawe wa kiume kule Zana, na kila asubuhi alikuja kushinda nasi. Baina yangu na yeye kuna obuko, ile miiko ya ukwe: hatushikani mikono, hatukai chumba kimoja, hatupishani mlangoni. Atakayeivunja, wazee wanasema, mwili wake utaingiwa na mtetemo usio na dawa. Siku hizi wapo wanaoipuuza. Mama mkwe si mmoja wao, nami sijawahi kutaka kujaribu. Kwa hiyo akifika yeye hukaa chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama uani, pazia limeshushwa. Uani ndiko nilikokuwa nimeegesha pikipiki. Boda aliyemleta, mwanaume asiyemjua hata kwa jina, alimpakia kutoka Zana hadi mlangoni pangu. Mimi mwenye pikipiki na mwenye mke siruhusiwi kumbeba hata hatua kumi.

Basi nikaanza. Oili nikaimwagia kwenye beseni, na ilipofika nusu ndipo nikatambua kuwa lile beseni ni la kumwogeshea mtoto. Nikatia mpya, 20W-50, nikiipitisha kwenye kichujio cha chai kwa kuwa faneli sikuiona. Plagi nikaichomoa. Ilikuwa na rangi ya biskuti, na kila aliyekaa na mafundi anajua kuwa plagi ya rangi ya biskuti inasema injini inakula vizuri: ingekuwa nyeusi ya masizi, petroli imezidi, ingekuwa nyeupe, hewa imezidi. Daktari akimwona mtu wa namna hiyo humrudisha nyumbani. Mimi niliisugua kwa mswaki mpaka ikang'aa. (Mswaki ulikuwa wa nani, niliulizwa baadaye.) Chujio la hewa nikalikung'uta, cheni nikaiosha kwa parafini, nikaikaza, nikaipaka oili.

Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, na hapo ndipo mtu mwenye akili angenawa mikono. Lakini nilikuwa nimenogewa. Nikautazama mfuniko wa tangi. Mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka, na huu ulikuwa Aprili, mwezi ambao mvua ya Kampala hainyeshi ila humwagwa. Pikipiki inalala nje. Maji yakiingia kwenye petroli huzama chini, yakatangulia kufika kwenye kabureta, na huko hayachomeki. Mpira mpya sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni kaveera.

Hapa inanibidi nijishitaki mwenyewe kabla sijashitakiwa. Kaveera ni mfuko wa plastiki, na katika nyumba ile mimi ndiye mhubiri wa kuupinga. Kwetu Tanzania mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Kenya waliwahi, Agosti 28, 2017. Uganda ilizitangulia tarehe hizo mbili kwenye karatasi: sheria ya fedha ya mwaka 2009 iliikataza, na sheria ya mazingira ya 2019 ikakataza iliyo nyembamba kuliko mikroni 30, na bado ukinunua nyanya tatu Kibuye unafungiwa kaveera mbili. Kila mke wangu akirudi sokoni nilikuwa nikimpokea kwa hotuba juu ya mitaro ya Bwaise inavyoziba. Asubuhi ile nikachukua kaveera iliyokuja na sukari, nikaikata kwa mkasi wa jikoni, nikaikunja mara mbili, nikaitandika juu ya mdomo wa tangi na kukandamiza mfuniko juu yake. Ufunguo ulizunguka kwa uzito mzuri. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu, na nadhani nilijipigia mluzi. Pazia la chumba cha nyuma lilicheza kidogo. Nikadhani ni upepo.

Ilikuwa saa nne na robo.

Iliwaka kwa kiki moja. Ilikaa silensa bila kutetemeka, nikapita Kibuye, nikapanda Queensway, Clock Tower, Kampala Road, nikaingia Jinja Road nikijiambia kuwa haijawahi kuwa laini namna ile. Nilipoipita Lugogo ikaanza kupungua nguvu. Haikukata ghafla kama pikipiki iliyopoteza moto. Ilififia kama mtu anayesinzia mbele ya wageni: nazidisha mafuta, inaitikia, inarudi kusinzia, mwisho ikanyamaza. Nikaisukuma pembeni.

Bodaboda watatu walikuwa wakisubiri abiria hapo, na katika dakika tano nilikuwa na majibu matatu. Wa kwanza alisema ni plagi. Wa pili alisema ni koili, ikipata moto inakufa. Wa tatu, mzee kuliko wenzake, aliuliza: “Ssebo, umeifungua lini?” Nikasema asubuhi ya leo. “Nani aliifungua?” Nikasema mimi. Akatikisa kichwa, akageuka kumtafuta abiria. Namkumbuka sana yule mzee. Alikuwa ameuliza maswali mawili tu ya maana katika kisa hiki chote, na mimi nikayachukulia kama dharau.

Nikafungua tangi kuona kama petroli ipo. Kaveera ilikuwa imebonyea kuelekea ndani kama kikombe, imevutwa kabisa. Nikafurahi: ishara kuwa inaziba barabara. Nilipoibandua, tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu. Nikasema moyoni, joto la jua hilo, mvuke wa petroli. Petroli ilikuwepo, chini ya nusu. Nikairudisha kaveera kwa uangalifu, nikaikunjua pembe zote nne, nikafunga. Nikapiga kiki. Ikawaka.

Nilichohitimisha ni kwamba petroli ilikuwa imekaribia chini na uchafu ulikuwa umevutwa. Kwa hiyo kituo cha kwanza nilichokiona Nakawa nikajaza tangi hadi shingoni. Huko nyuma ilikuwa imenibeba kilomita nane au tisa kabla ya kufa. Baada ya kujaza, ilikufa kabla sijaona duka la mshonaji. Basi nikawa na hakika: kituo kimeniuzia petroli yenye maji. Nililaani kituo kile kwa lugha tatu, na nakiomba radhi kwa zote tatu.

Kutoka Ntinda hadi Najjanankumbi ni kama kilomita kumi na mbili. Ilikufa mara tano. Kila ilipokufa nilifanya ibada yangu: nashuka, naitundika gomesi begani ndani ya mfuko wake, nachomoa kofia ya plagi, naipuliza, nairudisha, nafungua tangi kuangalia, fyuuu, natandika tena kaveera, nafunga, kiki, inawaka. Nikaandika akilini kuwa dawa ni kuipuliza plagi. Kwenye taa za Jinja Road ilinizimikia katikati, na polisi wa trafiki aliyevaa nyeupe alinitazama kwa huruma ambayo ingekuwa nafuu kama angeniandikia faini.

Nilifika saa tisa. Mke wangu alikuwa ameshaondoka, amevaa gomesi ya dada yake ambaye ni mkubwa kwake kwa vipimo viwili. Picha zipo. Katika zote amekamata mshipi kiunoni kwa mkono wa kushoto, kana kwamba tumbo linamuuma.

Jumapili nilishinda uani. Mama mkwe alikuja mapema, akaingia kupitia mbele, pazia likashuka. Niliivua kabureta, nikaifungua bakuli yake, nikatafuta maji. Hayakuwepo hata tone. Nikapuliza vitundu vyote kwa mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi. Jumatatu asubuhi nikaenda Kisekka, lile soko la spea karibu na Nakivubo ambako inasemekana ukipotewa na kioo cha gari usiku, asubuhi unakuta kinakusubiri, nikanunua plagi mpya kwa 10,000. Pikipiki ikafa Katwe wakati wa kurudi. Nikaisukuma hadi Ndeeba kwa fundi ambaye si wangu, maana wangu ningemwambia nini.

Fundi yule alikuwa kijana makini, na alichofanya ndicho ambacho fundi yeyote hufanya. Alilivua tangi akaliweka kando, akatundika chupa ya petroli kwenye msumari ukutani, akaunganisha mpira kutoka kwenye chupa hadi kwenye kabureta, akawasha. Ikaunguruma vibaya kidogo, maana kabureta nilikuwa nimeichokonoa mimi jana yake. Akatia nyingine, iliyotumika lakini safi, ikatulia. Akaiacha iwake dakika ishirini mfululizo huku akila rolex yake, chapati na mayai, bila haraka. Haikuzima. Ugonjwa umepatikana, akasema: kabureta. Shilingi 60,000 na ufundi 20,000. Alirudisha tangi, nami nikamsaidia kufunga mfuniko. Kaveera nilikuwa nimeihifadhi mfukoni isipotee.

Ilikufa mzunguko wa Kibuye, kati ya lori la matofali na taksi tatu.

Jumanne sikwenda kazini. Nilikaa kizingitini na chai, naitazama tu. Mke wangu alikuwa akitwanga karanga na hakuwa akisema kitu, nami nilitamani aseme. Ndipo binti yetu wa miaka tisa akatoka chumba cha nyuma kwa bibi yake, akasimama mbele yangu mikono nyuma kama wanavyofundishwa shuleni.

“Baba, Jjajja anauliza kopo la maziwa linatobolewa matundu mangapi.”

Nikamwambia mawili.

Akarudi ndani. Minong'ono ya Kiganda. Akatoka.

“Jjajja anasema asante. Anauliza, la pili ni la nini, na maziwa yanatokea kwenye la kwanza?”

Nikajibu kuwa la pili ni la kupitishia hewa. Nilikuwa bado natazama pikipiki, na naapa bado sikuwa nimeona. Mtoto akaenda, akarudi, safari hii anacheka kabla hajafika.

“Jjajja anasema, yeye ameuza mafuta ya kupikia Masaka miaka mingi. Anasema kidomola, lile dumu la mafuta, ukikifunga kote hakimimini. Lazima ukitoboe kwenye mkono. Anasema Jumamosi alikuona umekivisha kidomola chako kaveera, akafikiri labda ndivyo wanavyofanya Tanga.”

Kinu kilinyamaza.

Sasa hata mtoto angeweza kukueleza, na kwa kweli ndiye aliyenieleza. Tangi la pikipiki ya kabureta kama yangu halina pampu. Petroli hushuka kwa uzito wake, na kadiri inavyoshuka lazima hewa iingie juu kushika nafasi yake. Njia ya hewa hiyo ni kitundu chembamba ndani ya mfuniko, kidogo kiasi kwamba mwenye pikipiki anaweza kuishi nayo miaka kumi asijue kipo. Kikizibwa, petroli inayotoka inaacha ombwe nyuma yake, ombwe linaizuia inayofuata, bakuli ya kabureta inakauka, na injini inafifia kama inayosinzia. Ukifungua mfuniko, tangi linavuta pumzi na yote yanasahaulika. Ndiyo maana ilifufuka kila nilipotazama petroli. Ndiyo maana haikufa Ndeeba, kwani chupa ya fundi haikuwa na mfuniko. Na ndiyo maana nilipojaza tangi ndipo ilipozidi kufa upesi: tangi lenye nafasi kubwa ya hewa lina akiba ya kuanzia, tangi lililojaa hadi shingoni halina. Kila dalili ilikuwa ikinionyesha kidole mahali pamoja, nami kila mara nilipaziba upya na kunyoosha pembe.

Nilisimama, nikafungua mfuniko, nikatoa kaveera. Kwenye dirisha la nyuma pazia lilikuwa limesogea kiasi cha vidole viwili. Nikainama kuelekea upande ule bila kuinua macho, nikasema kwa sauti, “Weebale nnyabo,” asante mama. Pazia likajifunga.

Mke wangu alifanya hesabu usiku, akinyonyesha, bila karatasi. Plagi 10,000. Kabureta 60,000. Ufundi 20,000. Beseni jipya la mtoto 12,000. Mpira mpya wa mfuniko, ule ambao ungemaliza kazi tangu Jumamosi, 3,000. Jumla 105,000, yaani sevisi saba za fundi. Gomesi hakuitia kwenye hesabu. Alisema hiyo itasubiri kwanjula ya binti yetu, na nitakumbushwa siku hiyo mbele ya wakwe.

Ile plagi ya rangi ya biskuti niliirudisha. Kabureta ya zamani fundi aliisafisha kwa 5,000, inafanya kazi, na ile ya Ndeeba iko kabatini juu ya sahani za wageni, mahali ambapo mke wangu ameiweka makusudi.

Mama mkwe alirudi Masaka Jumapili iliyofuata. Alipanda boda ya kukodi hadi stendi. Mimi nilifuata nyuma kwa umbali unaostahili, nimebeba mzigo wake: mfuko wa sukari, doti mbili za vitenge, na kidomola cha lita tano cha mafuta ya kupikia ambacho mkono wake umetobolewa kwa msumari na kuzibwa kwa kijiti. Yeye alikuwa amefika kwanza, ameketi dirishani, uso ameuelekeza upande wa pili. Nilimkabidhi kondakta mzigo, nikageuza, nikarudi Najjanankumbi. Haikuzima.